Muulize Mwalimu: Je, ni tauni tu iliyoiangusha Ulaya ya Zama za Kati?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha nne. Waliulizwa kwa nini jamii ya Zama za Kati huko Ulaya iliporomoka kabla ya Renesansi. Akajibu kuwa tauni iliua watu wengi, kajaza ukurasa mzima, kapewa 2 kati ya 10. Amelia jioni nzima na mimi sina la kumwambia, shule niliishia darasa la saba. Kakosea wapi? Na hiyo Renesansi ilianza mwaka gani hasa?
Mama mwenye genge, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole huyo binti. Mimi ningempa 4. Kosa lake ni kwamba ameeleza vifo, hakueleza kilichoanguka. Swali liliuliza jamii.

Mwaka 1986 nilikuwa Perugia, Italia, nikijifunza Kiitaliano. Jumapili moja tukapanda basi na wenzangu hadi Siena. Kando ya kanisa kuu la mji ule umesimama ukuta mrefu wenye tundu kubwa la dirisha, na nyuma ya dirisha ni anga tupu. Nikadhani ni kazi ya mabomu. Mzee aliyekuwa ameketi pale akanicheka: haukubomolewa na vita, bwana, kanisa ndilo halikumalizwa. Wasiena walianza kulipanua mwaka 1339 ili wawapite mahasimu wao wa Florence. Mwaka 1348 tauni ikaingia. Agnolo di Tura, mwenyeji wa hapo, aliandika kwamba aliwazika watoto wake 5 kwa mikono yake mwenyewe. Ujenzi ukasimama. Lakini mzee akaongeza neno ambalo sijalisahau: hata kabla ya kuuacha kabisa mwaka 1357, mafundi walikuwa wameshagundua kuwa kuta zenyewe zina kasoro.

Basi na jamii ile ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 1315 mvua ilinyesha bila kukoma, nafaka ikaozea shambani kuanzia Uingereza hadi Ujerumani, na njaa ikadumu miaka kadhaa. Agosti ya mwaka ule mfalme Edward II wa Uingereza alifika mji wa St Albans, na mkate wa msafara wake ukapatikana kwa taabu. Wewe unauza genge, unajua mfalme akikosa mkate mnunuzi wa kawaida anakuwa kwenye hali gani. Ardhi ilikuwa imegawanywa mpaka vipande haviwezi kulisha familia. Kisha mwaka 1337 Uingereza na Ufaransa wakaanza vita vilivyokwenda kwa vipindi hadi 1453. Mabenki mawili makubwa ya Florence, Peruzzi na Bardi, yalimkopesha mfalme Edward III wa Uingereza, yeye hakulipa, na kufikia 1346 yote mawili yalikuwa yamefilisika. Kanisa nalo, ambalo ndilo lililowaambia watu wote nafasi zao, lilikuwa na Papa anayeishi Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo, badala ya Roma tangu 1309. Baadaye wakawa mapapa wawili, na mwaka 1409 watatu kwa mpigo, kila mmoja akimlaani mwenzake.

Tauni iliteremka Messina, Sicily, Oktoba 1347, na meli za Genoa zilizotoka Bahari Nyeusi. Hadi 1351 ilikuwa imeua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Ulaya. Wala haikuwa ya Ulaya peke yake. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa yetu mwaka 1331, aliikuta Dameski, Syria, mwaka 1348, akaandika kuwa wafu walifikia 2,000 kwa siku.

Sasa hapa ndipo alama za binti zilipopotelea. Chini ya ukabaila, mkulima alikuwa amefungwa kwenye shamba la bwana: anamlimia siku kadhaa kwa wiki, anasaga kwenye kinu cha bwana kwa malipo, na hata kumwoza binti yake anatoa ada. Mpango huo unasimama watu wakiwa wengi na ardhi ikiwa adimu. Tauni ikaupindua. Mashamba yakabaki, mikono ikapungua, na mkulima akagundua kwamba kabaila wa kijiji cha pili atampa ujira mnono bila kumuuliza katoka wapi. Serikali ya Uingereza ikashtuka. Sheria ya 1351 ilitaka ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni, hadi kutaja kwamba mfyeka nyasi asilipwe zaidi ya peni 5 kwa siku. Watu walifungwa na kutozwa faini, na bado makabaila wenyewe walilipa zaidi kwa siri, maana ngano iliyoiva haimsubiri hakimu.

Halafu wakaongeza kodi ya kichwa. Wazee wetu waliokimbilia porini wakimwona karani wa kodi hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kufikia kodi ya tatu, kila aliyezidi miaka 15 alihesabiwa peni 12, na mwaka 1381 watu wa Essex na Kent wakaandamana hadi London. Angalia walichochoma njiani: madaftari ya makabaila, yale yaliyoandika nani anadaiwa kazi gani. Kiongozi wao Wat Tyler aliuawa mbele ya mfalme wa miaka 14, na maasi yakazimwa. Hata hivyo katika miaka 100 iliyofuata makabaila wengi wa Uingereza waliona nafuu kukodisha ardhi kuliko kumlazimisha mtu ailime.

Binti akisema bado tauni inatosha, ajiulize kuhusu mashariki ya mto Elbe, huko Ujerumani. Kule nako watu walikuwa wachache, lakini makabaila walikuwa na nguvu na miji ilikuwa dhaifu, na katika karne zilizofuata mkulima wa Prussia na Poland alikazwa kamba zaidi. Upungufu wa watu ni uleule, matokeo yamepishana. Kwa hiyo aandike nani alikuwa na uwezo wa kumzuia mkulima asihame, na nani hakuwa nao.

Kuhusu Renesansi, yaani ule mwamko wa elimu na sanaa, haina mwaka mmoja wa kuanza, ndiyo maana hilo neno "kabla" kwenye swali linanikera kidogo. Petrarca, mshairi anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wake, alivikwa taji la majani, heshima ya washairi, huko Roma mwaka 1341, miaka 7 kabla tauni haijafika Siena, wakati mafundi bado wapo juu ya ule ukuta wakipanga mawe. Mtunga swali akibisha, binti ampe anwani ya gazeti hili aniandikie.