Wembe wa babu na grenda ya sokoni

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Tukuyu. Marehemu babu aliniachia wembe wa kukunja wa zamani, kwenye shina umeandikwa Solingen. Ulikuwa butu, una kutu kidogo mgongoni. Niliunoa kwenye kinoo cha visu vya nyumbani nikashindwa, nikampelekea mnoaji wa grenda sokoni. Dakika mbili tu akanirudishia unang'aa. Karatasi unaipasua vizuri, na nywele za mkono unazitoa. Lakini nikiupeleka shavuni unavuta ndevu na kuniachia vipele. Jamaa wananiambia niupige kwenye mkanda wa ngozi mara mia mbili. Je, utakaa sawa?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hautakaa sawa, hata ukiupiga mara elfu mbili. Mkanda wa ngozi unanyoosha makali yaliyopo, hautengenezi yasiyokuwepo. Uache ukutani kwanza tuzungumze habari ya hiyo grenda, maana nikiipita kimya sitalala.

Mimi kazi yangu kubwa hapa Mafinga ni visu vya randa vya viwanda vya mbao, patasi, na mikasi ya mafundi cherehani. Nyembe za kukunja huja mojamoja, na nyingi huja zikiwa zimeshapitia mikono ya mtu wa grenda. Mwenyewe anafika anajisifu: "Fundi, tazama ulivyotoa cheche!" Ndugu zangu, cheche ni chuma chako kinaungua. Hapo unashangilia mali yako inavyoteketea.

Sikiliza chuma cha wembe kilivyo. Ni chuma cha kaboni. Kiwandani kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikazamishwa ghafla kikawa kigumu kama kioo, na chepesi kuvunjika kama kioo. Ndipo kikapashwa tena taratibu, kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kipunguze ule wepesi wa kuvunjika. Ugumu uliobaki ndio unaoshika makali. Kikifika kama nyuzi 300 kinageuka bluu, na ugumu umeshuka. Sasa yatazame makali yenyewe: kule ukingoni ni membamba kuliko unywele. Joto la grenda likifika pale halina pa kukimbilia. Sekunde moja imetosha. Atakwambia, "Lakini mimi nachovya kwenye maji." Anachovya baada ya kuunguza! Na usijipe moyo kwa kuwa huoni bluu. Akimaliza hupitisha gurudumu la kung'arishia; rangi inafutika, ulaini unabaki palepale.

Nami niliwahi kuchoma mmoja, sijifichi. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, Iringa mjini, mzee mmoja aliniletea wembe wake nikauweka kwenye grenda kwa mbwembwe zote. Ulinyoa mara moja. Wiki iliyofuata akaurudisha, akauweka juu ya meza, akaketi kwenye benchi akinitazama. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Halafu hili la karatasi. Karatasi ni shahidi wa uongo. Makali yaliyotoka kwenye jiwe la kukwaruza yana meno madogo kama msumeno, na karatasi hupenda msumeno. Unywele wa ndevu una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita na umeshika mzizi ndani ya ngozi. Jino likiunasa linauvuta kwanza, ndipo linakata. Vipele vyako vimetoka hapo. Kipimo cha kuamini ni unywele mmoja wa kichwa, ushike ncha moja uning'inie, kisha uushushe taratibu juu ya makali. Wembe uliokamilika unaudondosha bila wewe kusukuma.

Kosa la tatu la rafiki yako wa sokoni ni la vipimo. Wembe wa kukunja umebeba kipimo chake mgongoni. Ukiulaza kwenye jiwe, mgongo unagusa na makali yanagusa, na pembe inayopatikana, pande zote mbili kwa pamoja, ni kama digrii 16 au 17. Aliyeutengeneza alikwishakupigia hesabu kupitia unene wa mgongo na upana wa bapa. Wewe unatakiwa kulaza tu. Lakini mtu aliyezoea visu vya jikoni hanoi bila kuinua mgongo, na grenda ndiyo haina habari kabisa na mgongo. Nina hakika na wewe kwenye kinoo cha visu uliuinua kidogo. Wote mnauinua.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha kinene, na msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000 kutoka duka la rangi za magari. Zungushia mgongo tepu nyeusi ya umeme, tabaka moja, usiendelee kuuchubua. Paka maka peni kwenye ule mteremko mdogo unaong'aa pembeni mwa makali, pande zote mbili. Lowesha msasa, ubandike kwenye kioo, laza wembe, vuta mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utachana msasa. Pita mara tatu, kisha angalia wino. Ukiwa umefutika mpaka kwenye ncha yenyewe ya makali, unagusa panapotakiwa. Ukibaki mstari mweusi kwenye ncha, mteremko wa grenda bado upo na una kazi ya saa moja au mbili kwenye namba 1000. Usikandamize. Kukandamiza kunapinda bapa, na bapa la wembe wa aina hii limechongwa likawa jembamba sana katikati.

Hapa kwenye namba 1000 ndipo kazi yote ilipo. Watu huikimbia kwa sababu inachosha, wanarukia kung'arisha, halafu wanalaumu chuma. Usihame mpaka makali yaweze kukata nywele za mkono kwenye usawa wa ngozi, kuanzia kisigino cha wembe, upande wa mpini, hadi ncha, bila kuruka sehemu. Zilizobaki zinakwenda haraka, ila namba 2000 peke yake haifai usoni. Tafuta jiwe la kunolea la namba 8000, hapo makali yatangulie, uzito wa wembe wenyewe utoshe. Kabla ya kulitumia lisawazishe: lichore mistari ya penseli, lisugue juu ya msasa wa maji uliolala kwenye kioo mpaka mistari yote ifutike. Jiwe lenye bonde litakupa makali yenye bonde. Baada ya hapo sasa chukua mkanda wako wa ngozi, mara 40 au 50, mgongo ukitangulia, na unapogeuza wembe ugeuzie juu ya mgongo. Ukigeuzia juu ya makali utakata mkanda, na makali yatakuwa yamekwisha.

Utajuaje kama chuma chako kimeungua? Nyoa mara moja, weka, nyoa tena. Makali yakilala siku ya pili ilhali siku ya kwanza yalikuwa mazuri, umefika kwenye ulaini. Rudi namba 1000 uondoe chuma zaidi. Mara nyingine kilichoungua ni ukingo tu, na nyuma yake chuma kizima kipo. Solingen ni mji wa Ujerumani wa watengeneza visu, hadi jina lake lilitungiwa sheria ya kulilinda mwaka 1938. Chuma cha babu hakikuwa na tatizo kabla hakijafika sokoni.

Na hili nawaambia wote, si wewe peke yako. Wenye saluni mnaopeleka mikasi kwenye grenda ya baiskeli, maseremala mnaochoma patasi kisha mnasema siku hizi hakuna chuma: kitu cha makali membamba hakinolewi kwa kasi. Kuna kijana aliniletea visu vitatu vya randa vina bluu kama vazi la sare, anauliza kwa nini vinakula mbao ya mlingoti kama panya. Alikuwa ameona video ya mtu akinoa kwa dakika moja. Kile kisu cha kwenye video kesho yake hakuna aliyekionyesha.

Kutu ya mgongoni isikutishe. Ikiwa na mashimo yaliyofika kwenye makali, hapo ndipo pa kuogopa, maana ukingo utamomonyoka kila ukinoa. Tukuyu mvua haiishi, kwa hiyo ukimaliza kunyoa kausha, paka tone la mafuta ya cherehani, usiuache bafuni. Usimwazime mtu, hata shemeji.

Anza na maka peni leo jioni. Wino ukikukatalia baada ya saa mbili, ufunge kwenye gazeti ndani ya boksi gumu, umpe kondakta wa basi linalopita Mafinga.