Mionzi ya simu ukiwa unaendesha gari

Umeuliza kama kuongea na simu ndani ya gari kunakuzidishia mionzi. Kidogo, ndiyo: mtandao ukiwa dhaifu simu huongeza nguvu, na bodi ya chuma ya gari huchangia kuudhoofisha. Ila kikomo kipo cha nguvu ya mionzi ya simu ambayo mwili unaruhusiwa kunyonya. Marekani ni wati 1.6 kwa kilo ya mwili, wastani ukichukuliwa kwenye gramu 1 ya tishu, yaani nyama ya mwili. Ulaya ni wati 2 kwa kilo, wastani ukichukuliwa kwenye gramu 10. Simu hupimwa ikiwa kwenye nguvu yake ya juu kabisa, kwa hiyo kwa kawaida unapata chini ya hapo. Ukiiweka mbali na kichwa, inapungua sana.

Lakini ndugu yangu, mimi ningeogopa zaidi macho yako kutoka barabarani. Ukiwa kilomita 90 kwa saa, sekunde 2 za kutazama kioo cha simu ni mita 50 umepita bila kuona mbele. Hata ukitumia spika, akili inabaki kwenye maongezi, na hilo watu wengi hawataki kulikubali. Weka ramani kabla hujaondoka, zima mlio. Simu ya lazima ikiingia, tafuta pa kuegesha, ndipo umpigie aliyekutafuta.