"Noisome" Haina Kelele Ndani Yake

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza, nikamkuta mfungwa ametupwa kwenye "noisome cell". Nikaandika bila kusita: seli yenye makelele. Aliyepitia rasimu yangu aliuliza jambo moja tu: kelele hizo anapiga nani? Nikairudia aya. Mfungwa alikuwa peke yake, na ukimya ulikuwa umetajwa mara mbili. Nilichokosa kukiona ni uvundo.

Neno hili "noisome" halina undugu na "noise", yaani kelele. Limetokana na "noy", kifupi cha zamani cha "annoy", yaani kuudhi, likaongezewa "-some" ileile iliyomo kwenye "tiresome" na "quarrelsome". Ukikumbuka udhia, umeshalikaribia. Hapo kale lilisemwa juu ya kitu chenye madhara. Biblia ya King James ya mwaka 1611, kwenye Zaburi 91:3, ina "the noisome pestilence". Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "tauni iharibuyo". Tauni ile inaharibu, haipigi kelele, na wala si harufu inayozungumzwa pale. Maana ya uvundo ilikuja kushika nafasi baadaye. Ndiyo maana nikisoma maandishi ya zamani huanza kujaribu madhara, na kwenye ya karibuni huanza na uvundo.

Kulitumia kunahitaji kiasi. Ni neno la kuandikwa, tena katika lugha ya kifasihi. Kwenye mazungumzo "smelly" au "foul" yanatosha kabisa. Linakaa vizuri na mitaro ya majitaka, mzoga, moshi wa takataka, chumba kisichopitisha hewa. Harufu kali ya dawa haistahili kuitwa hivyo, maana haitii kinyaa. Na kwa Kiswahili, "kunuka" peke yake naona ni hafifu. Mimi hupendelea "kuvunda".

Siku hizi kivumishi kinachofanana na neno ninalolijua hunisimamisha. Naangalia kwanza nomino kinayoieleza, kisha sentensi za jirani, ndipo nafungua kamusi. Hivyo ndivyo nilivyouepuka mtego wa "restive", inayofanana na "rest", yaani mapumziko, ilhali maana yake ni kukosa utulivu.

Ile sentensi hatimaye niliiandika "seli iliyojaa uvundo". Sikulazimika kugusa neno jingine lolote katika aya ile.