Emmel negatifu ya mutoto muchanga, musitulie bado

Dada, umeuliza hivi: wewe na bwana bote muko AS (jeni moja A ya kawaida, moja S ya ugonjwa wa selimundu, drepanositozi), mutoto amezaliwa juzi, laboratware imeandika Emmel, testi ya selimundu, negatifu, je mutulie? Mimi naona bado. Mutoto wetu wa kwanza, huku Katuba, Lubumbashi, alipewa karatasi ya namna hiyo hiyo, tukafurahi, kisha kwenye miezi sita vidole vya mikono na miguu vikavimba, usiku ni kulia tu na kila mutu anasema ni meno.

Munganga wa batoto njo alitueleza. Mutoto akizaliwa, damu yake ingali imejaa hemoglobini ya tumboni, ile banaita F, na F inazuia hemoglobini S isishikamane na kupinda chembe nyekundu. Sasa Emmel ni nini, banakamata tone la damu, banainyima oksijeni, banaangalia kwa mikroskopu kama chembe zinapinda, na kwa muchanga F ni mingi kwa hiyo zinaweza kukosa kupinda, banaandika negatifu. Hata kwa mutu mukubwa testi hiyo haitenganishi AS na SS, mwenye S mbili, njo mugonjwa, bote banatoka pozitifu! F inashuka polepole, S inachukua nafasi, njo maumivu yanaanza. Kuna batoto F yao inabakia juu hata bakikomaa, ni mambo ya jeni, bale kwa kawaida banaumwa kidogo, lakini S ya kwetu huku mara nyingi ni ile aina banaita ya Bantu na hiyo haiachi F mingi sana.

Muombe elektroforezi, testi inayotenganisha aina za hemoglobini. Ikitoka FAS, mutoto ni AS kama bino, haumwi. Ikitoka FS bila A, muchukue kama SS na mufuate munganga tangu sasa, bila kungojea avimbe: penisilini ya kila siku, chanjo ya pneumokoki, na akuonyeshe namna ya kupapasa bandama juu inaweza kuvimba ghafla. Bei ya elektroforezi inauma, najua.

Na mama mukwe akianza maneno ya uchawi wa kwenu, umukumbushe kijana wake naye ni AS, mutoto wa SS anakamata S moja kwa kila muzazi, na kila mimba uwezekano wa SS ni moja juu ya ine, hata kama wa mbele alitoka muzima.

Kitu ingine, kama mutoto alisha kuongezewa damu, museme laboratware mbele ya kupima, juu damu ya mwenye kutoa inaleta A isiyo yake.