Maswali na Majibu: Kanda za kwaya, TV ya chogo na redio ya ziwani

Nina boksi la kanda za kwaya yetu za miaka ya 1980, na nyingine zina hotuba za marehemu baba. Nataka ziingie kwenye simu ili wanangu walioko Dar wazisikie. Nilijaribu moja kwenye redio kaseti ya jirani, ikaila. Nifanyeje nisipoteze na hizi zilizobaki? – Mama wa Nansio, Ukerewe

Pole mama, ila hiyo iliyoliwa usiitupe. Utepe uliokunjamana nyoosha taratibu kwa vidole vikavu, kisha urudishe ndani kwa kuzungusha kalamu ya Bic kwenye tundu la gurudumu. Pale palipokunjamana sauti itafifia kidogo, kwingine itakuwa nzima.

Redio hula kanda kwa sababu mbili kubwa. Ndani yake kuna roli ndogo ya mpira inayosukuma utepe, na gurudumu la kulia linaloukusanya. Belti ikilegea, gurudumu linasimama huku roli inaendelea kusukuma. Utepe unakosa pa kwenda, unajaa ndani ya mashine. Au roli yenyewe imeota utando wa kunata, utepe unagandana nayo na kuzunguka pamoja. Kwa hiyo usianze na kanda ya baba. Weka kanda usiyoijali, icheze dakika kumi, na uchungulie dirishani: gurudumu la kulia lizunguke bila kusitasita. Likisita, peleka redio kwa fundi abadilishe belti kwanza.

Hedi, yaani kile kichuma kinachogusana na utepe, safisha kwa pamba za masikio na spiriti ile nyepesi inayokauka bila kuacha mafuta. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, rudia mpaka itoke nyeupe. Roli ya mpira isafishe kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti huukausha mpira ukapasuka. Acha vyote vikauke.

Sasa zikague kanda zenyewe. Kando ya ziwa unyevu ni mwingi, na kanda zilizokaa chini ya kitanda huota ukungu: unga mweupe kwenye kingo za utepe, unaonekana ukiielekeza kanda dirishani. Yenye ukungu usiicheze kabisa, itachafua hedi na kuambukiza nyingine. Iweke peke yake kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, kisha mpe fundi aifungue na kuifuta. Usianike juani, utepe unajikunja kwa joto. Kabla ya kitu chochote, vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili hata mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi, hotuba isifutike.

Angalia na maandishi ya kwenye kanda, yanayotaja urefu wake. C-60 ni dakika 30 kila upande, na utepe wake ni mnene. C-90 ni mwembamba zaidi, na C-120 ni mwembamba mno, hukatika na kuliwa kirahisi; hizo ziache mwisho, ukiwa umeshaizoea mashine.

Siku ya kurekodi, peleka kanda mbele mpaka mwisho, kisha irudishe yote. Utepe uliolala miaka mingi umegandamana, na kuuzungusha hivyo kunalegeza tabaka zake na kupunguza ule mwangwi hafifu unaotangulia sauti. Unganisha tundu la hedifoni la redio na kompyuta kwa waya wenye pini ndogo pande zote mbili. Laptop nyingi za siku hizi zina tundu moja tu, na upande wake wa kuingiza sauti ni wa maikrofoni, hivyo sauti ya redio huingia kwa nguvu mno na kupasuka; nunua saundi kadi ndogo ya USB yenye tundu la kuingizia sauti kutoka kwenye redio. Programu ya kurekodia iitwayo Audacity ni ya bure. Chagua mono, yaani sauti ya njia moja, kama redio iliyorekodi ilikuwa ya spika moja, na kiwango cha sampuli (sample rate) cha 44100. Sauti ya redio iwe theluthi moja, na mita ya Audacity, inayoonyesha nguvu ya sauti kwa desibeli, isivuke -6. Ikigonga 0 sauti inakatika vichwa, na hakuna programu ya kuirudisha vizuri.

Ukisikia mngurumo mzito chini ya sauti, chomoa chaja ya laptop na uendeshe redio kwa betri. Mara nyingi huisha hapo hapo. Sauti ikiwa imeziba, hasa herufi za s na sh, kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kwa bisibisi nyembamba izungushe kidogo kidogo kanda ikiendelea kucheza, mpaka maneno yafunguke. Kila redio ilirekodi kwa pembe yake, kwa hiyo skrubu hiyo unaweza kuigusa tena kwa kanda inayofuata.

Hifadhi kwanza kama WAV, faili la sauti lisilobanwa. Mono inachukua takriban MB 5 kwa dakika, kanda ya C-60 yote kama MB 320. Kutoka hapo tengeneza MP3, faili lililobanwa, ya 128 (kilobiti kwa sekunde), itakuwa chini ya MB 60, na hiyo ndiyo ya kuwatumia watoto. WAV ziwe sehemu mbili tofauti, na memori kadi isiwe mojawapo, maana hufa bila kuaga.

Wengi huweka simu mbele ya spika na kutuma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa hotuba itasikika, ila kwaya itaharibika: simu imetengenezwa kuchuja kelele ili mtu mmoja anayeongea asikike, na sauti nne zikiimba pamoja nyingine huzichukulia kama kelele.

Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963 walikuwa wanafikiria imla za ofisini, si muziki, ndiyo maana mvumo haukosekani hata kwenye kanda nzuri. Na kila nakala iliongeza mvumo wake. Kwaya yenu kama iliuza kanda, nyingi zilizobaki mitaani ni nakala ya nakala. Mtafuteni aliyekaa na kanda mama, mwalimu wa kwaya au mtunza vifaa, kabla hamjamaliza kazi na hizo mlizonazo.

TV yetu ya chogo tumeiunganisha na king'amuzi. Zamani picha ilikuwa na chenga lakini tunaona. Sasa inaganda au inapotea kabisa. TV imechoka? – Msomaji wa Mabatini, Mwanza

TV haina kosa. Kwenye analogia, iliyoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakipungua picha ilichakaa polepole. Kwenye dijitali king'amuzi hurekebisha makosa mpaka kikomo chake, baada ya hapo hakuna kitu. Anza na waya wa antena: fungua kiungio kilichoko nje, na kama shaba imekuwa kijani, maji yameingia. Kata sentimita chache, funga upya, zungushia utepe wa plastiki. Kisha angalia vilima vyetu vya mawe. Vikisimama kati yako na mnara, inua antena au ihamishe upande wa pili wa paa. Watu wakionekana warefu na wembamba, weka 4:3 kwenye mipangilio ya king'amuzi.

Usiku tukiwa kwenye dagaa redio ya mkulima hukamata stesheni za mbali, mchana hakuna. Na tukiwasha taa za LED inaunguruma tu. – Mvuvi, Sengerema

Mchana jua hutengeneza angani tabaka linalomeza mawimbi ya kati, yale yanayoandikwa AM au MW kwenye redio. Usiku tabaka hilo huyeyuka, mawimbi yanafika juu zaidi na kurudishwa chini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. FM haina tabia hiyo, inakwenda karibu sawa usiku na mchana.

Mngurumo unatoka kwenye kisanduku kinachodhibiti umeme wa taa, si kwenye taa zenyewe. Peleka redio upande wa pili wa mtumbwi, na usiichaji kutoka betri ya taa. Halafu izungushe redio yenyewe: antena ya mawimbi ya kati ni kile kijiti cheusi kilicholala ndani, na ile ndefu ya kuvuta haikusaidii hapa. Kijiti hupokea vizuri ubavu wake ukielekea stesheni. Ncha zake zikielekea kwenye taa, kelele hupungua sana.