Pongo: lenga kifua, si kichwa

Yaya, umeuliza kama pongo, yule swala wa vichakani, alengwe risasi kichwani ili nyama isiharibike. Hapana, tafadhali. Ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii. Ukikosea kidogo unavunja taya, mnyama anatoroka, hawezi tena kula, anakufa polepole kwa njaa. Nilimkuta mmoja wa namna hiyo porini, mbali na Lubumbashi, mifupa na ngozi tu. Sijamsahau.

Lenga moyo na mapafu. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ishia theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini. Swala wetu moyo wao uko chini na mbele, kati ya mabega. Ukilenga nyuma sana unapata ini au tumbo. Akiwa amekupa mgongo kidogo, fikiria risasi itokee wapi: ielekeze kwenye bega la upande wa pili. Akikupa makalio, shusha bunduki. Na katika misitu ya miombo angalia vijiti, maana hata kijiti kidogo hupotosha risasi.

Ukishapiga, usikimbilie. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hatakuwa mbali. Damu yenye majani yaliyosagwa ni tumbo: subiri saa kadhaa, ukimfukuza mapema atakwenda mbali na mateso yake.

Kibali unacho? Sheria ya uwindaji ya Kongo ya 1982 inakidai, na ndani ya hifadhi za taifa za Upemba na Kundelungu hairuhusiwi kuwinda.