Maji ndiyo yanayompalia

Pole dada. Umeuliza kwa nini bibi, tangu apate kiharusi, anapaliwa na maji hapo kwenye makao ya wazee ilhali uji mzito anaumeza. Maji yanakimbia. Koo lililolegea haliwahi kufunga njia ya hewa, yanaingia mapafuni. Na usitegemee kikohozi kikupe habari: wengine hawakohoi kabisa, unasikia tu sauti imekuwa ya majimaji baada ya kumeza, au homa inarudi kila mara.

Chakula chake cha kusaga kipime hivi: chota kijiko, kiinamishe. Kidondoke chote kwa mkupuo, kisigande wala kisichuruzike. Viazi vya kuponda vikiwa vikavu vinanata kooni, ongeza mchuzi usage tena. Mimi naogopa zaidi supu yenye vipande, maana mdomo unapambana na maji na nyama kwa wakati mmoja. Aiskrimu nayo ikishayeyuka ni maji tu.

Aketi wima kabisa. Wewe kaa, usisimame, kwa sababu atainua kidevu akutazame na hapo ndipo anapopaliwa. Mlishe kwa kijiko kidogo, ameze kwanza, kisha angalia shavu la upande uliopooza, chakula hujificha humo. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Na mpigeni mswaki kila siku jamani, bakteria wa kinywani ndio wanaoshuka na mate mpaka mapafuni.

Unga wa kuongeza uzito wa vinywaji msianze wenyewe. Ombeni kwanza apimwe na mtaalamu wa matamshi na umezaji.